Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Shahada ya Uzamivu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandaa vijana wa Tanzania wanaoomba nafasi za shahada ya uzamivu katika biolojia na sayansi za afya, hasa kwenye vyuo vikuu vya Marekani, ambako usaili hufanyika zaidi mwezi Januari na Februari. Mwongozo huu ni wa mwombaji aliyekwisha kupokea barua pepe ya mwaliko. Ukiisha kuitwa, fahamu kwamba matokeo yako ya masomo yameridhisha, na kwamba kilichobaki ni wasaili kusikia jinsi unavyofikiri unapozungumza juu ya kazi uliyoifanya mwenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha saa

Mwaliko hutaja saa za huko waliko wasaili. Mwezi Januari, Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya Boston kwa saa 8, kwa hiyo usaili ulioandikwa saa 10:00 asubuhi ya Boston utakukuta saa kumi na mbili jioni kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ninalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu mtu akiandika "saa 10" kwenye shajara yake bila kueleza ni saa ya hesabu ipi, siku ikifika atachanganyikiwa. Aidha, Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na Waingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo; usaili wa majuma hayo uhesabiwe upya.

Hatua ya pili: simulia utafiti wako kwa "nili-", si kwa "tuli-"

Hapa ndipo ninapokuomba utumie nusu ya muda wako wote wa maandalizi. Tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na katika maabara zetu ni adabu kusema "tulikusanya sampuli" na "tulichambua takwimu" hata pale ambapo mtu mmoja ndiye aliyekesha na kazi hiyo. Katika usaili wangu wa kwanza nilizungumza hivyo kwa dakika 10 nzima, hadi msaili mmoja akaniuliza kwa upole, "Na wewe binafsi ulifanya nini?" Sikuwa na jibu lililopangika, na nafasi hiyo sikuipata. Tangu hapo nimewasikia waombaji wengi hodari wakijificha nyuma ya "tuli-" hiyohiyo, na kila mara huniuma, kwa sababu kazi yao ilikuwa nzuri.

Chukua karatasi uigawe safu mbili. Upande mmoja andika kila hatua ya utafiti wa tasnifu yako. Upande wa pili andika nani aliifanya na nani aliamua ifanyike hivyo. Tuseme ulipima usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu katika Bonde la Kilombero. Msimamizi ndiye aliyechagua vijiji, fundi wa maabara ndiye aliyelea viluwiluwi, lakini wewe ndiye uliyewaweka mbu kwenye mirija yenye karatasi za dawa kwa saa 1, ukawahesabu waliokufa baada ya saa 24, ukalinganisha na kundi lisiloguswa na dawa. Sema hivyo, na umtaje kila mwenzako kwa sehemu yake. Mbele ya wasaili, huo ni ukweli wa kisayansi na wala hauhesabiwi kuwa majivuno.

Kisha jiulize maswali ya sababu. Kwa nini ulisubiri saa 24? Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, vifo vya chini ya asilimia 90 huthibitisha usugu. Je, kwako vilikuwa asilimia ngapi, na ungefanyaje iwapo mbu wa kundi la ulinganisho nao wangekufa kwa wingi? Ni jambo gani lilikwenda vibaya, nawe ulilirekebishaje? Swali hili la mwisho huulizwa mara nyingi mno, na anayejibu kwamba kila kitu kilikwenda sawa huwapa wasaili shaka kama kweli alikuwapo.

Hatua ya tatu: eleza kwa Kiswahili kwanza

Usaili utakuwa kwa Kiingereza, lakini kabla ya kuufanyia mazoezi kwa lugha hiyo, mweleze mama yako au mdogo wako utafiti wako kwa Kiswahili kwa dakika 3. Ukikwama, mara nyingi utagundua kwamba palipokushinda ni pale ambapo ulikuwa umekariri istilahi bila kuielewa barabara. Ukiisha kuparekebisha, Kiingereza chake hufuata kwa urahisi zaidi.

Hatua ya nne: soma kazi za wasaili

Makala mbili za hivi karibuni kwa kila msaili zinatosha. Tafuta swali moja la kweli ambalo makala hizo zimekuachia.

Hatua ya tano: andaa chumba na mtandao

Jaribu programu ya mkutano siku moja kabla, ukitumia kompyuta na mahali palepale utakapoketi. Uwe na simu iliyojaa chaji na bando, ili umeme ukikatika uendelee kwa simu. Iwapo sauti itakatika, usijibu kwa kubahatisha; omba swali lirudiwe, kwani hakuna atakayekuhesabia kosa.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Katika programu nyingi za Marekani utazungumza na walimu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kwa takribani nusu saa kila mmoja, nao wote wataanza na "Tueleze utafiti wako." Mpe wa nne maelezo yenye uhai uleule uliompa wa kwanza. Usipojua jambo, sema hujui, kisha eleza ungelitafutaje jibu lake. Mwishoni utakaribishwa kuuliza: uliza posho ya mwanafunzi inagharimiwa na nani baada ya mwaka wa kwanza, maabara ngapi utazunguka ukifanya kazi kwa muda mfupi kabla ya kuchagua msimamizi, na wahitimu wa karibuni wako wapi. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wanafunzi bila walimu, waulize wao kuhusu msimamizi anavyoishi na watu wake.

Hatua ya saba: baada ya usaili

Andika shukrani fupi kwa kila msaili ndani ya siku moja, ukitaja jambo mahususi mlilozungumza. Ukipewa nafasi yenye ufadhili, usikubali kuharakishwa: vyuo vilivyoridhia azimio la Council of Graduate Schools, yaani baraza la vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada za juu, havipaswi kukulazimisha kutoa jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, hivyo uliza kama chuo chako kimo kwenye orodha hiyo, ukaendelee kusubiri majibu ya vyuo vingine.