Farasi wa masafa marefu akihamia kwako

Usikimbilie kumpanda. Badilisha chakula chake kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Ukibadilisha ghafla, anaweza kupata maumivu ya tumbo yanayoua. Daktari wa mifugo akague mgongo, meno na kwato, kwani anayekataa tandiko mara nyingi anaumwa, wala si mkaidi.

Kisha tembea naye kwa miguu, dakika 20 kila siku, kamba ikiwa imelegea. Akisimama kwa hofu, simama naye mpaka ashushe kichwa, ndipo muendelee. Kumvuta kwa nguvu ndiko kunakoharibu kazi yote. Mpime mapigo ya moyo akiwa ametulia: kwa kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipanda kila anapoona tandiko, liondoe, urudie matembezi.