Kuitafuta karotidi kupitia umio

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi kwa ajili ya upasuaji wa moyo, kwa hiyo probu ya ultrasaundi, kifaa cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, huwa imeshatulia ndani ya umio kabla hata mtu hajaikumbuka shingo. Halafu ukuta wa ndani wa aota, ateri kuu inayotoka moyoni, unakutwa umechanika, na daktari mpasuaji anauliza bila kuinua kichwa: "Mpasuko umeingia karotidi?" Karotidi ni ateri ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Nimelijibu swali hilo mara nyingi, na mara moja nililijibu vibaya. Nitafika huko.

Mgonjwa aliye macho simfanyii hivi. Karotidi huonekana probu ikiwa juu, karibu na koo, na hapo ndipo mtu anapokabwa na kutaka kutapika. Yeye mpake jeli shingoni utumie probu ya kawaida. Utaona vizuri zaidi na hatakuchukia. Hata huyu wa kulazwa, muulize mapema kama chakula humkwama, kama amewahi kutapika damu, kama shingo au kifua kiliwahi kupigwa mionzi. Akisema ndiyo, probu isiingie mpaka ujue kwa nini.

Anza palipo rahisi. Picha ikiwa nyuzi 0, yaani ikikata mwili kwa kukingama, geuza probu kushoto mpaka aota inayoshuka itokee kama duara, kisha vuta polepole. Kwenye sentimita 20 hadi 25 kutoka menoni duara litarefuka liwe kama soseji: huo ndio upinde wa aota. Punguza kina cha picha hadi sentimita 5 au 6, pandisha masafa ya mawimbi, shusha kipimo cha rangi ya Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu, kwenye sentimita 40 hivi kwa sekunde.

Kabla ya kuvuta tena, mkono mmoja ushike mrija wa kupumulia. Vitu hivyo viwili hubanana kooni, na nimeshaona mrija ukiifuata probu. Gurudumu la kupinda ncha lisifungwe. Ukihisi kitu kinagoma, acha.

Sasa vuta nusu sentimita, tulia, tazama. Juu ya upinde hutokea maduara mawili, subklavia ya kushoto na karotidi ya kushoto, na hapa ndipo wageni huchanganya. Mimi sikisii kwa ukubwa; naendelea kuvuta. Subklavia ina safari ya mkononi, hivyo hukata kona ikakupotea. Karotidi hupanda sambamba na umio, inabaki duara, kama mtu mnayepanda naye ngazi. Kisha washa Dopla ya mapigo. Damu ya karotidi huendelea kwenda mbele hata moyo ukipumzika, kwa sababu ubongo hauna likizo. Ile ya subklavia karibu isimame, au hurudi nyuma kidogo.

Kosa langu lilikuwa duara la tatu. Nililitangaza kwa sauti ya kujiamini kuwa ni karotidi, tena safi. Ilikuwa vena ya jugula, mshipa wa shingoni unaorudisha damu moyoni. Siku hizi namwomba mwenzangu abonyeze shingo taratibu kwa kidole: vena hulala, ateri hudunda.

Ukishaijua, zungusha picha hadi nyuzi 90 uione kwa urefu. Unachotafuta ni utando mwembamba, yaani ukuta wa ndani uliochanika, unaocheza na kila pigo, rangi ya upande mmoja ikitofautiana na ya upande wa pili. Mstari unaovuka ukuta wa mshipa na kuendelea nje ni kiini macho cha mashine. Usiniamini kwa picha moja, na mwenyewe usijiamini. Utando wa kweli uonekane kwa nyuzi 0 na kwa nyuzi 90.

Kasi ya damu siipimi kusudi nitaje ukubwa wa mziba. Mshipa unakwenda sambamba na umio, hivyo mawimbi yanaupiga ubavuni karibu kwa nyuzi 90, na Dopla inataka nyuzi 60 au pungufu. Namba itatoka, ila haitakuwa na maana.

Karotidi ya kulia ni taabu. Hewa ya trakea, bomba la hewa la kooni, inakaa katikati na kuuficha mzizi wake. Nikishindwa, namwambia mpasuaji: "Kushoto nimeona, hakuna utando. Kulia sijaona." Halafu naomba probu ya shingoni, naiweka juu ya ngozi, chini ya kitambaa cha upasuaji, na kutafuta huko.