Baridi ya gari wazi hutoka nyuma

Kila mwaka Julai ikiingia, mzee wa Kitaliano ninayemwendeshea hapa Malindi hupanda ndege kwenda kwa rafiki zake Limuru, na mimi humpelekea gari. Gari lenyewe ni Land Rover fupi ya zamani, ya turubai, milango yake ina vioo vya kusukuma. Turubai hataki nilifunge ila kwa mvua, maana likipigwa na upepo wa barabara kuu linaachia mishono. Basi mimi, ambaye alfajiri ya kipupwe ya digrii 22 hunikuta nimejitanda shuka, nasafiri kichwa wazi toka usawa wa bahari mpaka mita 2,000 na ushei. Tena usiku, kwa sababu jua la Voi utosini ni adhabu nyingine. Nimeshaenda mara nane.

Mara ya kwanza nilijikinga mbele tu. Jaketi la ngozi la mtumba, skafu, kofia ya marvin mpaka nyusi. Kufika Athi River kifua kina jasho, kiuno kimeganda na shingo haigeuki. Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, nahodha, tukinywa kahawa karibu na gati. "Shemeji, tazama maji pale nyuma ya nguzo," akaniambia. "Yanakwenda wapi?" Nikatazama. Mkondo ukigonga nguzo hupita pembeni, kisha hujipinda nyuma yake ukarudi. Upepo na kioo cha gari ni vivyo hivyo: unapita juu ya kioo, unakuruka kichwa, unashuka nyuma ya kiti, halafu unageuka na kukupiga kisogoni.

Usiniamini bure, jaribu. Chana kipande cha leso kuukuu, urefu shibiri moja, upana vidole viwili, ukifunge juu ya egemeo la kiti cha abiria. Shika barabara ya Mombasa mpaka Gede kwa mwendo wa 60. Utaona kitambaa kinaelekea kioo cha mbele, wala si nyuma. Ukifika 80 kinachapa kama bendera ya jahazi. Funga kingine chini, kwenye nafasi iliyo katikati ya viti viwili. Hicho kitakuonyesha kiuno chako kinakoibiwa joto.

Nilianza kwa kukata turubai na kulifunga nyuma ya viti. Joto lilikuja, lakini kwenye kioo cha ndani sikuona kitu, na lilipiga ngoma mpaka Mariakani. Kilichofaa ni wavu wa dagaa, ule wa matundu madogo. Wavu hauzuii upepo wote. Unauvunja nguvu tu, na wewe bado unaliona lori lililo nyuma yako. Tengeneza fremu ya bomba la maji la plastiki, la nusu inchi, upana wake toka mlango hadi mlango, urefu ufike usawa wa masikio. Kunja wavu mara mbili, uuwambe kama ngozi ya ngoma, kisha uushone kwa uzi wa kushonea nyavu. Fremu uifunge kwenye vyuma vya turubai kwa kamba, si kwa waya, maana waya utalia njia nzima. Ile nafasi ya katikati ya viti izibe kabisa kwa blanketi au begi. Wengi husahau hapo. Vioo vya milango navyo vifunge, hata watu wakikucheka kwamba paa huna na madirisha umefunga. Kisha rudi kwenye kitambaa chako cha leso. Kikiwa kinaning'inia tu, umemaliza.

Sasa hita. Malindi hakuna anayeiwasha, ndiyo maana mafundi wetu huifanya wanavyotaka. Mwaka mmoja nilipeleka gari gereji kabla ya safari, nikarudishiwa halina thamostati. Fundi akasema huku kwetu ni joto, hiyo ni ya Ulaya. Mjini gari lilikwenda vizuri. Kupita Emali, saa tano usiku, mshale wa joto umelala chini na hita inanipulizia upepo wa friji. Hita haina moto wake yenyewe, inaazima maji ya moto ya injini. Na kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikitolewa, kule juu kwenye baridi maji hayapati moto sawasawa. Injini inakula mafuta na wewe unatetemeka. Kwa hiyo wiki moja kabla hakikisha ipo. Injini ikishapata moto, fungua hita, ushike mabomba yake mawili ya mpira kwa uangalifu: yote mawili yawe ya moto. Moja likiwa baridi, hita imeziba, au kuna mtu aliikata njia bila kukwambia. Njiani elekeza joto miguuni. Abiria ajifunike shuka magotini alifungie joto hapo. Dereva asijaribu, nguo na pedali hazipatani.

Mavazi ni kwa vituo. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama digrii 6, kwa hiyo ukivaa yote Malindi utatota jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha mbele. Mimi hutoka baada ya alasiri, nikapita Kilifi, nikakata Mavueni na Kaloleni, nikatokea Mariakani. Hadi Voi ni fulana na shati tu. Mtito Andei naongeza sweta ya sufu. Sultan Hamud naongeza koti la mvua juu, si kwa mvua bali kwa upepo, kwani sweta peke yake ni kama wavu. Kuanzia hapo vaa glavu na ufunike masikio. Digrii 10 za Limuru, uso ukiwa wazi kwa mwendo wa 80, mwili huzihisi kama 4. Pamba usiitegemee: ukungu wa kule ukiilowesha haikauki. Shingoni hukaa leso ya mke wangu. Kila mwaka huniambia nisiirudishe ikinuka dizeli, na kila mwaka hurudi inanuka dizeli.

Kitu kimoja nilikipata huko huko juu. Ukipita Limuru kwenda Naivasha, pale wasafiri wanaposimama kulitazama Bonde la Ufa, wanauza ngozi za kondoo. Nilinunua moja nikaitandika kitini, manyoya yakielekea mgongoni. Sijui nilikuwa nangoja nini miaka yote.

Chai ya tangawizi kwenye themosi na mahamri ya kutosha, sina la kuongeza, ila ujue utasimama kukojoa zaidi. Mzee hunipa na kichupa cha pombe kali "ya baridi". Huwa nakiacha kabatini. Pombe inakuchangamsha ngozi huku joto la ndani linatoka, na hata isingekuwa hivyo, naendesha. Utingo mmoja Mtito Andei alinishauri niweke jiko la makaa chini ya kiti cha abiria, eti gari liko wazi, moshi utakwenda. Mvua ikikushika utafunga turubai, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu ya kukuamsha. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Kufika Limuru turubai mara nyingi limeshafungwa, maana manyunyu huanza kabla ya Kikuyu. Usilikunje bichi. Mimi hulianika juu ya ua wa wenyeji usiku ule ule, na wala siombi chakula kwanza. Naomba beseni la maji ya moto, nitie miguu.