Kabla hujamchukua mdogo wako Dar

Ukiwa mtu wa Mjini Unguja, Dar kwako ni saa mbili hivi za boti ya haraka. Sisi wa Wete, Pemba, hesabu yetu nyengine: gari mpaka bandari ya Mkoani, boti mpaka bandari ya Malindi, Unguja, kisha boti ya pili. Kosa moja la asubuhi unalilipia mpaka usiku, tena ukiwa na mtoto wa watu pembeni. Kwa hivyo nisikilize.

Ulizia boti ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Boti za Pemba si nyingi kama za Unguja na Dar, na nyengine hutia nanga Wete badala ya Mkoani. Mtu kaomba ruhusa ya siku mbili kazini, Jumapili anajikuta amekaa Malindi juu ya begi lake.

Kitambulisho chukua chenyewe, si picha iliyomo kwenye simu, na jina la kwenye tiketi lilingane nacho. Chaja. Nguo ya kujifunika, ndani ya boti mna baridi.

Tazama upepo. Wakati wa kusi, mwezi wa Sita hadi wa Nane khasa, kabla hamjafika Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hakuna kisiwa cha kuwakinga, na boti hucheza kweli. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla boti haijaondoka. Ukingoja roho ichafuke, utaitapika na yenyewe. Kaeni ghorofa ya chini, upande wa nyuma. Ndimu ya kunusa, tangawizi ya kutafuna, na msiingie na matumbo yaliyojaa pweza wa nazi. Na chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi, rudi nyumbani. Mpemba hahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama, wala Julai 2012, Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe.

Kariakoo nendeni Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa. Bei ya kwanza utakayotajiwa si bei.

Sasa hili ambalo hakuna aliyeniambia. Usibebe kila kitu wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Mdogo wangu ana miaka kumi na saba. Mama alituaga mlangoni akasema, "Mshike mkono nduguyo," nami nikalichukua neno hilo kupita mipaka. Tulipofika Kariakoo nikamwambia, hapa wezi, lete simu yako nikuwekee. Lete na pesa. Kitambulisho nacho. Vyote vikaingia kwenye mkoba wangu, nikatembea nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Alasiri tukaenda Gerezani kupanda mwendokasi kurudi Magomeni kwa mwenyeji wetu. Basi likaja, watu wakasukumana kama wanaokimbia moto, yeye akaingia, mimi nikabaki nje na mifuko ya vitambaa. Mlango ukafunga. Nilimuona kwenye kioo ananitazama, na hata hofu hana, maana anaamini dada atafanya kitu.

Dada hakuwa na la kufanya. Ningempigia nani, na simu yake inalia ndani ya mkoba wangu? Nikapanda basi la nyuma, nikateremka Magomeni Mapipa, hayupo. Nikangoja mabasi sita. Nikarudi Gerezani, hayupo. Kumbe Magomeni aliipita akinitafuta kwa macho, akaenda kushtukia Ubungo. Pale kituoni akavuka upande wa pili, akapanda basi la kurudi, akaliacha limpeleke mpaka mwisho wa njia, Kivukoni. Baadaye aliniambia aliona bahari ndipo roho ikatulia.

Magharibi imeshaadhiniwa, simu ikalia. Mama.

"Nduguyo yuko wapi?"

"Yupo hapa, Mama. Anasali."

"Hapo ni wapi? Mbona kanipigia sasa hivi kwa simu ya mchukuzi, kakaa kwenye geti la boti?"

Namba ya mama ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo. Yangu hakuijua, ya mwenyeji hakuijua. Nilimkuta anakula mihogo ya kuchoma aliyonunuliwa na yule mchukuzi, na alichoniambia ni, "Dada, nipe simu yangu." Nikampa.

Basi gaweni vitu kabla hamjatoka nyumbani: kila mtu simu yake, kitambulisho chake, na pesa ya kumrudisha alikolala. Namba mbili ziandikwe kwenye karatasi na karatasi iwe mfukoni. Kubalianeni pahala pa kukutana mkipoteana, pahala asipoweza kupakosa hata akili ikimruka. Sisi siku hizi tunasema geti la boti. Na aliyebaki kituoni ndiye anayefuata, aliyeondoka anateremka kituo kinachofuata, anasimama hapo hapo, hazunguki.

Vyengine ni vya kawaida. Usipande bodaboda kabla ya kupatana nauli. Simu usiichezee dirishani kwenye foleni. Maji ya chupa angalia kifuniko. Mwenyeji mpigie kabla hujafika, usimtokee tu na mabegi. Na Jumapili wahini bandarini, Dar ina foleni hata siku ambayo hukuitarajia.