Kuingiza mashua kwenye mlango wa Mto Pangani

Huu ni mwongozo kwa mwenye mashua ya tanga au injini ndogo anayetoka Tanga au kisiwa cha Maziwe, na hajawahi kuingia Pangani.

1. Fuata maji, saa iache. Mafungu ya mchanga mlangoni huhama, hasa masika mto unaposhuka na tope. Ingia maji yakijaa, yakiwa yamepita nusu. Ukipanda fungu maji yakijaa, yatakunyanyua. Ukipanda yakipwa, utakaa hapo saa nyingi ukipigwa ubavuni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi, na mkondo huwa mkali. Kibaya kuliko vyote ni maji kupwa huku kusi ikivuma: mto unasukuma nje, upepo unasukuma ndani, mawimbi yanasimama wima juu ya fungu. Hapo mimi hutia nanga nje nikangoja, abiria wanung'unike wapendavyo.

2. Tafuta Bweni. Ukielekea magharibi, mwinuko wa Bweni uwe kushotoni. Mji wa Pangani uko kulia, umelala chini kati ya minazi.

3. Soma mawimbi. Yanapopasuka meupe pana mchanga. Rangi ya maji usiitegemee, tope la mto huificha. Mweke mtu omoni, yaani mbele ya mashua, na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, apime na kutaja kina kwa sauti. Akitokea mvuvi anayerudi, mfuate; yeye anajua fungu limelalaje wiki hii, ramani ya simu haijui.

4. Ukishaingia, kaa macho na kivuko. Kinavuka kati ya Pangani na Bweni. Kipishe, upite tezini kwake, yaani nyuma yake.

Kulia utaona nyumba kongwe za mawe na boma. Misafara ya pembe na watumwa iliishia ufukweni hapa. Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakipanda mto. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ikapandisha bendera yake mjini, watu wakaikataa, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani. Walimnyonga hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Wageni wengi hupiga picha boma tu. Waulize wazee habari za Abushiri.

5. Ukipanda mto, panda na maji yanayojaa, urudi yakipwa, utaokoa mafuta. Mikoko kwanza, kisha minazi. Maji mengi ya mto hutumika huko juu, hivyo chumvi sasa hupanda mbali zaidi: usitegemee kuchota maji ya kunywa. Mamba wapo, miguu ibaki ndani.

6. Nanga. Mkondo hugeuka kila baada ya saa sita hivi, na chombo hugeuka nao. Toa kamba ya kutosha, acha nafasi ya kuzunguka pande zote, na usilale karibu na njia ya kivuko.