Kugeuza Rekodi ya Mtetemo Kuwa Spektra ya Masafa: Mwongozo kwa Fundi wa Pampu

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari ana faili la mtetemo, lenye safuwima ya muda na safuwima ya mchapuko, na anataka kuligeuza kuwa spektra, yaani mchoro wa mistari ambapo kila mstari unaonyesha ukubwa wa mtetemo kwenye masafa yake, ili ajue ni masafa yapi yanayoitikisa mashine yake. Mfano wetu ni pampu inayovuta maji ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, inayoendeshwa na mota ya umeme wa hezi 50 inayozunguka mara 2,980 kwa dakika.

Hatua ya 1: Kokotoa masafa unayoyatarajia. Gawanya 2,980 kwa 60, upate hezi 49.67 za shafti. Kama impela ina mapanga sita, maji yatapigwa kwa hezi 298.

Hatua ya 2: Chagua kasi ya kuchukua sampuli. Kanuni inadai kasi inayozidi mara mbili ya masafa ya juu unayoyataka. Mazoea ya kazi ni mara 2.56, hivyo kwa hezi 1,000 tunachukua sampuli 2,560 kwa sekunde. Kichujio kinachozuia masafa ya juu kiwe kabla ya kugeuza volti kuwa namba, kwa sababu ukichukua sampuli 1,000 kwa sekunde bila kichujio, mtetemo wa hezi 930 utajitokeza kwenye hezi 70, na hakuna programu itakayoweza kuurekebisha baadaye.

Hatua ya 3: Amua urefu wa rekodi. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, ilhali ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko wa programu yoyote. Umbali kati ya mstari mmoja wa spektra na unaofuata ni 1 gawanya kwa sekunde za rekodi. Pampu yetu, shafti zake zikiwa hazijanyooka kwenye kapulingi, inaweza kutikisika kwa mara mbili ya kasi ya shafti, yaani hezi 99.33, ilhali hitilafu ya umeme ndani ya mota hujitokeza kwenye hezi 100. Sampuli 2,048 huchukua sekunde 0.8 na kutoa hatua za hezi 1.25, kwa hiyo vilele hivyo viwili vitaungana kuwa kimoja. Sampuli 16,384 huchukua sekunde 6.4, hatua zinakuwa za hezi 0.156, na vilele vinatengana. Ukibaki na shaka, rekodi wakati umeme unakatwa: cha umeme hutoweka papo hapo, cha shafti hushuka taratibu pamoja na kasi.

Hatua ya 4: Ondoa wastani kwenye data, kisha zidisha kila sampuli kwa dirisha la Hann, linaloanza na sifuri, kupanda hadi 1 na kurudi sifuri. Hesabu ya Fourier, ile inayotenganisha mtetemo katika masafa yake, huichukulia rekodi kana kwamba inajirudia bila mwisho, na pale mwisho usipolingana na mwanzo, nguvu ya kilele humwagikia mistari ya jirani; dirisha hupunguza umwagikaji huo.

Hatua ya 5: Tumia amri ya rfft, inayofanya hesabu ya Fourier, kutoka NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python; chukua ukubwa wa kila jibu, gawanya kwa jumla ya thamani za dirisha, wala si kwa idadi ya sampuli, kisha zidisha kwa 2, isipokuwa mstari wa kwanza na wa mwisho. Jaribu kwanza kwa wimbi la kutengeneza lenye kimo cha 1. Kwenye hezi 25 litasomeka 1.00 kamili, kwa kuwa linaangukia juu ya mstari. Kwenye hezi 25.08, katikati ya mistari miwili, litasomeka takribani 0.85. Hilo si kosa, ila likumbuke kabla ya kulinganisha vipimo vya miezi miwili.

Hatua ya 6: Geuza mchapuko kuwa kasi kwa kugawanya kila mstari kwa 2π mara masafa yake. Kilele cha 0.1 g (g 1 ni mita 9.81 kwa sekunde mraba) kwenye hezi 49.67 ni milimita 3.14 kwa sekunde. Gawanya kwa √2 upate 2.22 ya RMS, aina ya kipimo kinachotumiwa na viwango vya ISO vya mtetemo wa mashine. Mistari iliyo chini ya hezi 10 iache, kwani mgawanyo huu hukuza kelele ndogo ikawa mlima.

Spektra nzima ikiinuka upande wa masafa ya juu bila kilele dhahiri, shuku viputo ndani ya impela, na ukakague chujio la ufukweni kama limezibwa na magugu maji kabla ya kufungua beringi.