Dashibodi iliyopasuliwa na jua: namna ninavyoivalisha leza (ngozi bandia)

Mzee mmoja aliniletea Peugeot 504 kutoka Marangu. Bodi safi, injini inanguruma taratibu, lakini dashibodi ilikuwa na nyufa tatu zilizoanzia kwenye kioo cha mbele zikaja hadi juu ya geji. Ule wa katikati, ukichomeka sarafu ya shilingi mia inasimama yenyewe.

"Fundi, huko kijijini walishaniziba mara mbili," akasema. "Haimalizi masika."

Kwa nini haimalizi? Ukilijua hilo, kazi yote inaeleweka. Dashibodi za miaka hiyo (504 ilianza kutengenezwa 1968) zina ngozi ya plastiki juu, sponji katikati, na fremu ngumu chini. Ngozi hiyo imechanganywa na mafuta ya kuilainisha. Jua linayatoa kidogokidogo. Ule utando wa grisi ndani ya kioo cha mbele, ambao maji matupu hayautoi, mara nyingi umetoka humohumo. Ngozi ikikauka inasinyaa, fremu haisinyai, basi inachanika. Arusha tunadanganywa na baridi: mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya kuvaa sweta lakini jua ni kali. Gari likishinda nje, juu ya dashibodi panaweza kufika nyuzi 70.

Wenye Land Rover Series II mnaweza kuishia hapa, dashibodi yenu ni bati. Plastiki ilikuja na Series III, mwaka 1971.

Kwanza, ifungue yote. Najua kuna mafundi wanaovalisha ikiwa ndani ya gari. Kona za chini ya kioo hawazifikii, na leza huanza kubanduka palepale. Toa waya hasi wa betri, halafu piga picha kila soketi kabla hujaichomoa. Kebo ya spidi ichomoe kwa mkono nyuma ya geji, usivute geji nayo. Skrubu zitie kwenye vikopo tofauti. Mimi natumia vikopo vya blue band vilivyoandikwa kwa mkaa. Na angalizo moja: kama gari lako lina eabegi upande wa abiria, mwongozo huu haukuhusu. Ukivalisha leza juu ya kifuniko chake, siku ya ajali haitafunguka inavyotakiwa.

Pili, osha. Dashibodi nyingi zimepakwa mafuta ya kung'arisha kwa miaka, na gundi haishiki juu yake. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi, mara mbili. Ikikauka, futa kwa spriti hadi kitambaa cheupe kirudi cheupe. Usitumie thina, inalainisha ngozi ikawa kama ubani uliotafunwa.

Sasa nyufa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kingo za ufa huwa zimejikunja kwenda juu. Usijaribu kuzibana zilale, hazilali. Zikate kwa wembe hadi pale ngozi ilipoishikilia sponji, ufa ubaki kama mtaro wenye umbo la V. Mwisho wa kila ufa toboa tundu la milimita 3, usiendelee kukimbia. Palipo na shimo kubwa, jaza fomu ya kupuliza, iache ilale hadi kesho yake, ikate kwa kisu iwe chini kidogo ya usawa.

Juu yake paka puti ya bampa, ile inayopinda. Nasisitiza hili kwa sababu liliniumbua. Kazi yangu ya pili maishani nilitumia puti ya bodi, ile ya kunyooshea milango. Ilipendeza kama yai. Wiki ya tatu gari likarudi kutoka Namanga, mstari uleule umejichora chini ya leza mpya. Puti ngumu haichezi, na dashibodi inacheza kila siku: mchana inatanuka, usiku inajikunja. Piga msasa namba 80, malizia na 180, kisha funga macho upitishe kiganja. Bonde ambalo jicho halilioni, kiganja kinalisikia, na leza italionyesha kila mtu.

Leza yenyewe: nunua yenye kitambaa cha kufuma nyuma, inayovutika pande zote. Mita moja na nusu inatosha 504. Chagua isiyong'aa, rangi iliyoiva. Kuna mteja alilazimisha nyeupe yenye mng'ao, asubuhi moja akienda Moshi, jua liko usoni, akanipigia simu: "Fundi, naiona dashibodi kwenye kioo, barabara siioni." Nikairudia bure.

Gundi iwe ya kuhimili joto, ile wanayobandikia dari za magari. Gundi ya kawaida ya viatu inalainika juani. Paka pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Mwezi wa saba subiri zaidi. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata bila kuacha uzi, iko tayari.

Hapo tandaza karatasi ya kaki juu ya dashibodi, leza juu ya karatasi. Ipange ikae sawa, kisha vuta karatasi kidogo katikati, bandika, vuta tena. Bila karatasi, leza ikigusa pasipo pake umeshakwama.

Anza na mabonde, vilima baadaye. Kofia ya geji ina bonde mbele yake. Ukivuta leza ipite juu kama daraja, jua la kwanza litaibandua. Pasha kwa kikausha nywele, sukuma ndani kwa kidole gumba, shikilia hadi ipoe. Nilihesabu pumzi ishirini kwa kila sehemu kwenye gari la yule mzee, na kofia peke yake ilikula saa nzima. Matundu ya hewa kata msalaba, kunja ndani. Pembeni kata vipande vya upande wa chini tu, mkato usipande ukaonekana.

Iache kivulini siku nzima kabla ya kuirudisha. Ukishaunganisha betri, jaribu honi, taa na wipa kabla ya kukaza skrubu za mwisho. Kipande cha leza kilichobaki kikunje ukiweke kwenye droo ya abiria. Mwenye gari akichubua kona kwa funguo, rangi ileile iko mkononi.